Engozi ya Walio Hai

Mama Leokadia alikufa wiki ya mvua kubwa. Habari zilinikuta Kihanga, kwenye kituo cha afya ninachokisimamia sasa, nikimfokea muuguzi kijana aliyeniletea wazo zuri bila kujua nani angelitekeleza. Nilikuwa nimenyoosha na kidole kabisa. "Wazo lako tamu, sikatai," nilikuwa namwambia, "lakini atakayekataa ni nani? Umeshaenda kwake?" Hapo simu ikaita. Alikuwa Anacleti wa Ng'ambo, na kwa jinsi alivyonyamaza kwanza kabla ya kunisalimu, nikajua. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Yule kijana akadhani hasira zimenizidi, akaanza kuomba msamaha, maskini. Sikuwa na nguvu za kumweleza kwamba maneno niliyokuwa namfokea nayo si yangu, ni ya huyo aliyekufa, na kwamba niliyapata katika mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza kazini, ndani ya jiko la nyumba za watumishi huko Kamuli.

Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya zahanati, jeusi kwa moshi, lina mlango mfupi ambao Mama Leokadia aliingia kwa ubavu kwa sababu ya mwili wake. Alikuwa mwanamke mkubwa, mtu wa Muleba, mkunga wa miaka mingi, na ndiye aliyekuwa mkuu wa zahanati. Mimi nilifika pale na sanduku la bati, cheti kipya na maneno mengi. Jioni ya kwanza kabisa alinipa kisu na kichane cha ndizi. "Menya, tuongee," akasema. Nikamenya. Akanitazama kidogo, akacheka puani. "Mwanangu Adela, unamenya kana kwamba ndizi imekutukana. Nusu ya chakula inaenda na maganda." Kisha akaniuliza swali ambalo aliniuliza karibu kila jioni mwaka ule: leo umeona nini? Nikimweleza nilichokiona, anasema, "Kwa hiyo?" Nikimweleza wazo langu, anauliza nani atalifanya. Nikimtajia, anauliza la mwisho, lile lililokuwa likinikera kupita yote: "Na atakayekataa ni nani?" Leo watu hulipwa kusafiri kwenda kufundishana haya kwenye kumbi zenye viyoyozi. Mimi nilifundishwa huku machozi ya moshi yakinitiririka na mikono imeganda kwa utomvu wa ndizi.

Wazo langu kubwa la mwaka ule lilihusu Ng'ambo. Ndivyo tulivyokiita kitongoji cha juu ya kilima cha upande wa pili, na kati yetu na wao kulikuwa na bonde la mafunjo lenye daraja la miti iliyooza. Gari halikupita. Wakati wa masika hata baiskeli ilikuwa mtihani. Kabla sijafika, mama mmoja wa Ng'ambo alikuwa amefia pale pale bondeni, uchungu umemshika, amekalishwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya shemeji yake. Nilipoelekezwa njia ya kwenda kuchanja watoto, yule aliyenielekeza alisema tu, "Ukifika pale alipofia yule mama, kata kulia." Sikulala vizuri kwa sababu ya maneno hayo. Na huko huko Ng'ambo nikaona engozi. Ni machela ya kienyeji, imesukwa kwa fito na matete kama kitanda chembamba, ina miti miwili mirefu, na wanaume wanne huibeba mabegani huku wengine wakiwapokea njiani. Kila kaya ilikuwa kwenye chama cha engozi, na asiyetokea kubeba alitozwa rubisi, pombe ya ndizi, tena rubisi nzuri. Nikajiambia, hee, jibu si hili hapa? Wanaume wapo, engozi ipo, mpango upo. Kilichobaki ni kuwaambia wawabebe na wajawazito.

Nilimweleza Mama Leokadia jioni hiyo hiyo, kisu mkononi, nikiwa nimechangamka mno. Alisikiliza mpaka mwisho. "Wabebaji ni akina nani?" Chama, kiongozi wao Anacleti. "Umeongea naye?" Nimeongea naye, amekubali. "Na atakayekataa?" Nikamwambia hakuna. Akaendelea kumenya. "Hakuna kabisa?" Hakuna, mama, ni jambo la kuokoa maisha, nani alikatae? "Basi bado hujamaliza kutafuta," akasema. Nilikasirika, nikamwambia kwamba watu wakitafuta sababu za kukataa kila siku, wanawake wataendelea kufia kwenye mafunjo. Akatia ndizi kwenye sufuria, akafunika kwa majani ya mgomba. "Sawa. Itisha mkutano. Nitakuja kukaa nyuma."

Mkutano ulijaa. Anacleti alisimama akaongea vizuri, mimi nikaongea vizuri zaidi, na wanaume wote wakasema ndiyo. "Ndiyo, sista. Ni jambo jema, sista. Tunashukuru." Nilitembea hatua za mtu mshindi siku hiyo. Mimi mzaliwa wa Kihanga, niliyekulia kwenye heshima zile zile, nilisahau kwamba kwetu mgeni haambiwi hapana hadharani. Anaambiwa ndiyo, anapewa na kiti, kisha kila mtu anarudi kwake. Wanawake walikuwa wamekaa pembeni kwenye majani na watoto wao. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo, nami sikumuuliza hata mmoja. Mama Leokadia alikuwa amekaa kati yao, anabembeleza mtoto wa mtu, na njia nzima ya kurudi hakunisifia wala kunisema.

Wa kwanza aliyepatwa na uchungu baada ya mkutano alikuwa Verediana, binti mdogo, mimba ya kwanza, ameolewa kwa Bibi Mukandori. Mume alikuwa kwenye vibarua Uganda. Asubuhi, mvua inanyesha, mimi niko Ng'ambo kwa kliniki ya watoto, nikaitwa nimwangalie. Uchungu ulikuwa umeanza tangu jana yake na njia haifunguki kama inavyotakiwa. Huyu ni wa kushushwa zahanati, tena upesi. Nikamtuma mtu kwa Anacleti, na Anacleti, mtu wa ahadi, akaja na wanaume wake na engozi mabegani, wanaharakisha. Walipotokea tu kwenye njia ya kibanja, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, nikasikia mwanamke wa nyumba ya jirani anapiga yowe. Halafu mwingine. "Mawe! Mama wee!" Nikadhani wameona nyoka. Kumbe walikuwa wanamlilia Verediana. Kwao, engozi ikija nyumbani kwako mchana inaharakishwa, hiyo haiji kuchukua mtu atakayerudi.

Bibi Mukandori akatoka. Alikuwa mwembamba, mrefu, ana kitambaa cheusi kichwani. Akasimama mlangoni, akaweka mikono yake miwili kwenye miimo, kulia na kushoto. "Hiyo imembeba marehemu siku ya Jumanne," akasema kwa sauti ya chini. "Haiingii kwangu." Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia marahaba bila kuondoa mikono. Nikamweleza. Nikamsihi. Ndani Verediana alikuwa anaugulia, namsikia kabisa. Nikapandisha sauti, nikamwambia atamuua mkwe wake, na hapo Anacleti akanishika mkono. "Sista, acha," akanong'ona. Wanaume wale walikuwa wameshaishusha engozi chini, wanatazama matope. Hakuna ambaye angemsukuma mama mzee kwenye mlango wake. Nami kwa kweli nilikuwa karibu kumsukuma.

Tulimtembeza. Nitasema ukweli, sijawahi kuogopa kama siku ile, na nimeshayaona mengi baadaye. Mimi bega hili, Bibi Mukandori mwenyewe bega lile, tunateleza kwenye udongo mwekundu, kila uchungu ukija tunasimama, anatuning'inia shingoni. Wanaume walitufuata kwa mbali bila engozi, hawajui waangalie wapi. Tulipofika chini, karibu na pale pa kukata kulia, Verediana akasema hawezi tena, akakaa. Mtoto akazaliwa pale, juu ya kanga yangu, mafunjo yanatuzunguka, mvua inatupiga. Alikuwa wa bluu na kimya. Nilimsugua, nikamfyonza pua kwa mdomo wangu, nikamsugua tena, na alipolia nilitaka kulia naye, lakini damu ya mama ilikuwa haikatiki. Nilikandamiza tumbo lile kwa mikono yote, nikipiga kelele mtu akimbie kumwita Mama Leokadia. Alikuja mwenyewe, mwili wake ule, anakimbia kwenye miti ya daraja na sindano mkononi. Damu ikakatika. Walipona wote wawili. Mpaka leo sijui kwa nini walipona.

Siku chache baadaye nilikuwa nyuma ya ukuta wa zahanati naanika shuka, upande wa pili wanawake wa kliniki wanangoja, wanamenya maembe ya porini na maneno. "Yule binti wa Kihanga," mmoja akasema, "si ndiye aliyepeleka jeneza mlangoni kwa watu?" Mwingine akasema, "Mimi siku zangu zikifika sitamwambia. Nitakaa kimya mpaka kichwa cha mtoto kitoke." Wakacheka kidogo, si kwa furaha. Nilibaki nimeshika shuka mbichi, maji yananitiririkia kwenye viatu. Wazo langu lilikuwa limefanya wajifiche zaidi. Kabla yangu walichelewa kuja. Sasa hawatakuja kabisa, na wa kwanza atakayefia ndani kwa kumwogopa sista, damu yake nitaifanyaje?

Jioni niliingia jikoni na barua ya uhamisho tayari kichwani. Nikamwambia Mama Leokadia kwamba kesho naenda wilayani. Kisha hasira zikapanda. Nikamuuliza kwa nini aliniacha. Ulijua, nikamwambia, ulijua kuna mtu atakataa, ukakaa nyuma ukabembeleza watoto! Hakupandisha sauti. "Nilijua yupo. Sikujua ni nani. Ningemjua ningekushika mkono nikupeleke, usidhani napenda kukimbia kwenye matope na magoti haya." Akanisogezea kisu. "Nami nilikuuliza mara ngapi? Ningekulazimisha, ungesema 'sawa mama' kama wale wanaume mkutanoni." Akamenya ndizi moja nzima kabla ya kuongea tena. "Sasa umemjua. Amesimama mlangoni, ameshika miimo, ana jina. Mtu wa namna hiyo ni mali, Adela. Nenda wilayani ukitaka, ila pitia kwake kwanza."

Nikapitia. Bibi Mukandori hakunifukuza, hakunikaribisha pia. Aliniachia nafasi kwenye mkeka tu. Ilikuwa msimu wa senene, na mkwewe alikuwa anawanyonyoa mabawa, mtoto mgongoni. Nikakaa nikanyonyoa nao. Sikuleta maneno yangu. Nilikuwa nimeagizwa na Mama Leokadia nisiongee mpaka niulizwe, na kwa mtu wa mdomo kama mimi hiyo ilikuwa adhabu. Senene wakakaangwa, tukala na ndizi, tukanawa. Ndipo akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikamjibu yu hai. Akasema yeye, mbali na mume wa Verediana, alizaa mabinti wawili. Mkubwa alishikwa na uchungu siku ya mvua, chama kikaja, wakamlaza kwenye engozi iliyokuwa na doa la mtu wa juzi. "Aliliona," akasema. "Akanishika hivi." Akanishika mkono wangu akaubana kuonyesha. "Akaniambia, mama, wamenilaza mahali pa mtu aliyekufa. Akafika huko chini akiwa amekwisha." Yule mama wa kwenye baiskeli, akaniambia, alipanda baiskeli kwa sababu hiyo hiyo. Aliikataa engozi. Mwaka mzima nilikuwa napita pale alipofia, na sikuwahi kuuliza kwa nini alikuwa kwenye baiskeli wakati chama kipo.

Nikamuuliza sasa, swali moja tu: ingekuwaje ili mlango huu ufunguke? Iwe engozi nyingine, akasema, isiguse maiti hata siku moja, hata ya mfalme. Isikae kwa wanaume, ikae kwa wanawake. Isije mbio. "Na kabla mjamzito yeyote hajailalia, mtu mzima ailalie kwanza, avushwe, arudi kwa miguu yake, watu wamwone." Nilipomfikishia Mama Leokadia masharti hayo, aliyarudia moja moja huku akihesabu kwa vidole. "Huyo mtu mzima ni nani?" nikamuuliza. Akanitazama kama vile nimemuuliza jina lake.

Wanawake wa Ng'ambo waliisuka wenyewe, Bibi Mukandori akiwasimamia na kufumua kila palipolegea. Miti ya kubebea aliichagua Anacleti. Na siku ya siku, baada ya ibada, Mama Leokadia akapanda kilima kwa miguu, akavua viatu, akalala ndani ya engozi ile mbele ya umati na gauni lake la kanisani. Fito zikalia. "Nibebeni sasa, mbona mnatazamana?" Wabebaji wakanyanyua, wakayumba, mmoja akasema yeee, sista ametupa ng'ombe, na kilima kizima kikaangua kicheko. Mimi sikucheka hata kidogo. Nilitembea pembeni nimeshika ule mti kwa mikono miwili, kwa sababu nilijua ikikatika, au akianguka darajani, au presha yake ikimpanda tu siku ile, wazo lile litazikwa na hakuna atakayelifukua. Yeye alikuwa amelala mle anapungia watoto mkono. Walipomshusha upande wa zahanati aliinuka, akajifuta, akavuka kurudi kwa miguu yake, polepole, ili kila mtu amwone. Bibi Mukandori alimngoja mwisho wa daraja. Alimfuta matope kwenye bega.

Wa kwanza kuilalia kwa kweli alikuwa Konsolata, binti wa pili wa Bibi Mukandori, aliyekuja kwao kujifungulia. Mimba ya miezi minane, akaamka anatoka damu bila uchungu wowote, na kila mkunga anajua maana yake: kondo limeziba njia, huyu ni wa kupasuliwa. Nilipofika, engozi ilikuwa imeshatolewa, imetandikwa majani makavu na kanga, na mlango uko wazi. Bibi Mukandori mwenyewe alikuwa amemshika binti yake kichwa. "Mnangoja nini?" akawauliza wanaume. Tukashuka. Hawakukimbia, walitembea kwa mwendo mmoja mrefu, wanapokezana bila kusimama, na yeye pembeni anawagombeza kwenye kila mti wa daraja: hapo pameoza, hapo sivyo, inua, inua. Damu ilikuwa inapenya kwenye fito. Mama Leokadia alikuwa amepanda kichuguu cha nyuma ya zahanati, mahali pekee simu iliposhika, anaita gari la hospitali kwa sauti ambayo tuliisikia kabla hatujamwona. Kwenye daraja Konsolata akamwuliza mama yake kitu kwa Kinyarwanda, lugha ya nyumbani kwao. Mama akamjibu kwa ukali, kisha akatafsiri bila mimi kuuliza: "Anauliza kama hii ni ile. Nimemwambia hii haijui maiti." Gari lilikuja. Alipasuliwa akapona, na mtoto akapona.

Ndiyo maana wiki ile ya mvua, Anacleti aliponipigia, nilifunga safari kwenda Ng'ambo na si Muleba. Mama Leokadia alipostaafu alinunua kibanja kule juu, na watoto wake walipotaka kumpeleka kwao walikuta ameshaacha neno azikwe hapo. Lakini gari la jeneza lilikwama kwenye bonde. Barabara ipo siku hizi, ila mvua haina habari na barabara. Ile engozi ya chama ya zamani ilishaoza, siku hizi marehemu hupelekwa kwa gari. Tukasimama pale kwenye mafunjo, jeneza limeloa, padri ameloa, na vijana wakapanda mbio kilimani wakarudi na engozi ya akina mama. Imesukwa upya mara nyingi, lakini ni ile ile. Konsolata, mtu mzima sasa mwenye wajukuu, akaanza kulia kwa shukrani. "Yeye ndiye aliyeilalia wa kwanza," akasema. "Nani wa kumnyima?" Watu wote wakasema ndiyo, ni haki yake. Ndiyo, ndiyo.

Nami nilitaka kusema ndiyo. Nilimpenda kuliko wengi waliokuwepo pale, na nilitamani alale ndani yake mara moja tena. Lakini nyuma ya watu nilimwona binti mmoja amesimama chini ya jani la mgomba, tumbo liko mbele, anaitazama engozi, anatutazama sisi. Hakusema neno, kama wale mama zake kwenye mkutano wangu wa kwanza. Nikaenda nikasimama kati ya engozi na jeneza. Mikono yangu ikapanda yenyewe, kulia na kushoto, nami sikuwa na miimo ya kushika. "Hii haibebi marehemu," nikasema. Konsolata alinitazama kwa hasira, halafu akamtazama yule binti, akaelewa, akaja akasimama karibu nami. Tulimpandisha Mama Leokadia kwa mabega matupu, wanaume na sisi wanawake, tunateleza, tunainuka, tunapokezana, na njia nzima nilimsikia akiniuliza lile swali lake. Atakayekataa ni nani, Adela? Mimi, mama. Safari hii ni mimi. Engozi ikarudishwa mahali pake, haijagusa maiti, kumngoja yule binti.